Aliyekula Mgao Kabla Yetu: Maisha ya Marehemu Audrey Hepburn (1929–1993)



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeandika majina ya akina mama wa kambi yetu waliotutoka kwa ugonjwa wa saratani. Tulipokaa kupanga kurasa, mmoja wetu alishauri tuongeze ukurasa kwa mama mwingine, wa mbali, aliyefariki kwa ugonjwa huo huo zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Alipomtaja jina, wengine tuliguna. Mcheza sinema? Yule wa kuvaa lulu shingoni? Wageni wenye majina makubwa tumewaona hapa. Gari linafika na vumbi lake, picha zinapigwa, gari linaondoka, na kesho yake foleni ya maji ni ile ile. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwisho tulikubaliana kumwandika kwa sababu moja tu: huyu mama, miaka mingi kabla ya kupigwa picha katika vituo vya kulishia watoto, alikuwa yeye mwenyewe mtoto anayelishwa.

Wengi wetu tulidhani ni Mmarekani. Sivyo. Alizaliwa tarehe 4 Mei 1929 huko Ixelles, sehemu ya mji wa Brussels, nchini Ubelgiji. Mama yake, Ella van Heemstra, alikuwa Mholanzi wa ukoo wenye cheo cha kurithi. Baba yake, Joseph Ruston, alikuwa raia wa Uingereza. Kwa mama alikuwa na kaka wawili wa baba mwingine, Alexander na Ian. Nyumba ilikuwa na mali lakini haikuwa na amani, na mwaka 1935, mtoto akiwa na umri wa miaka sita, baba aliondoka. Mpaka uzeeni Audrey alisema kwamba pigo hilo lilimuumiza kuliko yote aliyoyapata baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wengi hulipita haraka, na sisi hatutalipita. Katika miaka hiyo ya 1930 baba na mama yake wote wawili waliwaunga mkono mafashisti. Baba aliwekwa kizuizini na Waingereza wakati wa vita kwa sababu hiyo. Mama alikuja kugeuka baada ya kuona kwa macho yake kile ambacho watu wale walikifanya. Katika kambi yetu wapo watoto wanaonyoshewa vidole kisimani kwa ajili ya mambo ambayo baba zao waliyafanya, au wanasemwa waliyafanya, kabla watoto hao hawajazaliwa. Wazazi wanaowanyoshea wenzao vidole kupitia watoto wasome sehemu hii mara mbili.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza Septemba 1939, Audrey alikuwa akisoma Uingereza. Mama yake aliogopa mabomu, akamrudisha Uholanzi, kwenye mji wa Arnhem, akiamini kwamba Uholanzi haitaingia vitani kama ambavyo haikuingia katika vita vya kwanza. Ni hesabu ambayo sisi tunaifahamu sana: kukimbia kutoka mahali salama kwenda mahali unapodhani ni salama zaidi. Tarehe 10 Mei 1940 jeshi la Ujerumani liliingia Uholanzi, na mlango ukafungwa kwa miaka mitano.

Mama alimbadilisha mtoto jina, akaitwa Edda van Heemstra, kwa kuwa jina la Kiingereza lingeweza kumponza. Mwezi Agosti 1942 Wajerumani walimpiga risasi mume wa shangazi yake, pamoja na mateka wengine, kulipiza kisasi kwa hujuma ambayo wao hawakuifanya. Kaka yake Ian alichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi Berlin. Alexander alijificha. Msichana mwenyewe alikuwa akijifunza baleti, ile ngoma ya Ulaya ya kuchezea ncha za vidole, na ndoto yake yote ilikuwa huko. Akawa anacheza katika nyumba za watu usiku, madirisha yamezibwa, ili kuchangisha fedha za kuwasaidia waliokuwa wakipambana na Wajerumani kwa siri. Mchezo ukiisha hakuna aliyepiga makofi, maana makofi yangesikika nje.

Septemba 1944 majeshi ya Uingereza na Marekani yaliangusha askari wa miavuli kuzunguka Arnhem ili kuliteka daraja la mto Rhine. Walishindwa. Wajerumani waliwaamuru wakazi wote wa Arnhem watoke, na makumi ya maelfu ya watu wakaingia barabarani na mikokoteni, baiskeli na watoto mgongoni. Familia ya Audrey wakati huo ilikuwa katika kijiji cha Velp, pembeni mwa mji, na msafara huo ulipita mbele yao. Wakati huo huo reli za Uholanzi zilikuwa zimegoma kuwasaidia washirika, na Wajerumani wakajibu kwa kuzuia chakula. Kisha baridi kali ikagandisha mifereji ambayo majahazi hupita. Waholanzi wanaiita Kipupwe cha Njaa. Watu wapatao 20,000 walikufa.

Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu, wakachemsha viwavi, wakasaga kila kilichosagika ili kutengeneza kitu cha kuitwa mkate. Wale kati yetu waliovuka misitu mwaka 1996 na 1997 hawahitaji kuelezwa zaidi. Siku nyingine Audrey alibaki kitandani ili asisikie njaa. Miguu ilivimba, damu ikapungua, akapata na manjano. Velp ilikombolewa katikati ya Aprili 1945, wiki chache kabla hajatimiza miaka kumi na sita. Alikuwa mrefu wa kimo cha mtu mzima na uzito wa karibu kilo 40.

Baada ya askari yalikuja magari ya misaada. Lilikuwapo shirika la UNRRA, lililoundwa mwaka 1943 kuwasaidia watu waliovurugwa na vita, miaka kabla ya kuwapo kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Masanduku yaliingizwa katika shule, na watu wakapewa blanketi, nguo, unga na maziwa. Audrey alisimulia mara nyingi jinsi alivyokula uji uliojaa sukari mpaka akaugua, kwa sababu tumbo lilikuwa limesahau chakula. Wahudumu wetu wa lishe wanalijua jambo hilo, na ndiyo maana mtoto aliyedhoofu hapewi sahani iliyojaa siku ya kwanza, hata mama yake akilalamika. Mwaka 1946 Umoja wa Mataifa uliunda UNICEF kwa ajili ya watoto wa nchi zilizoharibiwa na vita, ikarithi sehemu ya kazi ya UNRRA. Kwa hiyo nembo ya UNICEF kwake haikuwa kitu cha kufundishwa ofisini.

Miaka iliyofuata tutaipita kwa haraka, kwa sababu ndiyo inayojulikana. Alikwenda London mwaka 1948 kusomea baleti, akaambiwa kwamba urefu wake na mwili uliodhoofishwa na njaa havitamruhusu kuwa mchezaji wa kwanza. Ndoto ikafa hapo. Akaanza kucheza nyuma ya wengine katika maonyesho ya kulipwa, akapata nafasi New York mwaka 1951 katika mchezo wa kuigiza uitwao Gigi, na filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953 ikampa tuzo ya Oscar akiwa na miaka 24. Baada ya hapo kila mahali penye jumba la sinema palikuwa na sura yake. Mavazi yake yalishonwa na Hubert de Givenchy wa Paris, ambaye alibaki rafiki yake mpaka kaburini.

Filamu moja inatuhusu sisi tuliotoka ng'ambo ya Ziwa. Mwanzoni mwa mwaka 1958 alifika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, kuigiza The Nun's Story, habari za mtawa muuguzi wa Kibelgiji anayetumwa Kongo. Sehemu nyingine zilipigwa Yakusu, kando ya Mto Kongo, penye kituo cha wagonjwa wa ukoma. Tuseme ukweli, filamu ile inaionyesha Kongo kama Wabelgiji walivyopenda kuiona, miaka miwili kabla ya uhuru, na watu wetu humo ni wa kubeba na kutabasamu. Lakini yeye alikutana na muuguzi halisi ambaye habari zake ziliigizwa, akajifunza kwake namna ya kushika vyombo na mgonjwa. Wengi waliomfahamu wanasema hiyo ndiyo filamu iliyokuwa karibu zaidi na tabia yake.

Aliombwa pia aigize Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni Amsterdam na kufia katika kambi ya mateso. Wasichana hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, wakaishi vita moja katika nchi moja. Audrey alikataa, hakuweza kurudi huko kwa ajili ya mchezo. Alikubali mwaka 1990 tu, kusoma kurasa za shajara hiyo mbele ya watu pamoja na wapiga muziki, na mapato yakaenda UNICEF.

Nyumbani hakubahatika sana. Aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili zikavunjika. Mimba zake kadhaa ziliharibika. Alipata wana wawili, Sean mwaka 1960 na Luca mwaka 1970, na kwa ajili yao aliacha filamu karibu kabisa baada ya mwaka 1967, wakati bado anatakiwa kwa fedha nyingi. Alinunua nyumba katika kijiji cha Tolochenaz, Uswisi, akalima bustani. Na baba je? Alitafutwa kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, kama wengi wetu tulivyojaza zile fomu za kutafuta ndugu, akapatikana Dublin. Audrey alikwenda kumwona. Mzee hakumkumbatia. Alisimama tu. Pamoja na hayo binti aliendelea kumtunza kwa fedha mpaka mzee alipofariki mwaka 1980. Tuliosubiri majibu ya fomu hizo tunajua kwamba kumpata mtu na kumpata alivyokuwa ni mambo mawili.

Sasa tufike kwenye miaka yake mitano ya mwisho. Mwaka 1988 UNICEF ilimfanya balozi wake mwema, kwa malipo ya dola moja kwa mwaka. Alikuwa na karibu miaka 59. Safari ya kwanza, Machi mwaka huo, ilikuwa Ethiopia, katika ukame na vita. Huko Mekele, Tigray, alikuta kituo cha yatima chenye watoto 500 wenye njaa. Alisafiri kwa ndege za mizigo. Akirudi hakwenda kupumzika, alikwenda kutoka redio hadi redio na mkutano hadi mkutano, akijibu waandishi kwa lugha zao, maana alizungumza Kiingereza, Kiholanzi, Kifaransa, Kiitaliano, na nyingine kidogo. Waandishi walikuja kumwona nyota wa filamu. Yeye aliwaeleza chanjo, maji safi na chumvi ya kutibu kuharisha. Alisoma kwanza. Wafanyakazi wa UNICEF waliosafiri naye walisema aliuliza maswali kama mtu atakayefanyiwa mtihani.

Aprili 1989 alikwenda Sudan, wakati Umoja wa Mataifa ulipokubaliana na serikali na waasi kwamba chakula kipite kwenda kusini, mpango ulioitwa Operation Lifeline Sudan. Katika safari hiyo alimkuta mvulana wa miaka kumi na minne amelala chini. Akauliza anaumwa nini. Akaambiwa: upungufu wa damu, matatizo ya kupumua, na kuvimba kwa sababu ya utapiamlo. Ni magonjwa yale yale, na umri karibu ule ule, ambao yeye alimaliza nao vita Uholanzi. Aliisimulia habari hiyo kila alipopata nafasi. Mwezi huo huo alizungumza mbele ya kamati ya Bunge la Marekani inayoshughulikia njaa. Alikwenda pia Bangladesh mwaka 1989 na Vietnam mwaka 1990, na nchi za Amerika ya Kati na Kusini.

Safari ya mwisho ilikuwa Somalia, Septemba 1992. Serikali ilikuwa imeanguka tangu mwaka 1991, na njaa ilikuwa imeua watu kwa maelfu mengi. Alipokuwa katika ndege kutoka Nairobi kwenda Kismayu alitazama chini akaona ardhi nyekundu imejaa matuta kuzunguka vijiji na kambi, kama mchanga wa pwani maji yakipwa. Akauliza ni nini. Yalikuwa makaburi. Baidoa aliona miili ikipakiwa kwenye lori, mingi ni midogo. Katika vituo vya kulishia watoto kilichomsumbua ni ukimya. Watoto wengi mahali pamoja, na hakuna anayelia.

Hakurudi na hotuba tamu. Alisema kwa hasira kwamba njaa ile haikuletwa na mvua peke yake, ilitengenezwa na watu, na kwamba dunia ilichelewa. Vita vya Somalia havikwisha kwa sababu ya safari yake, na wapo jirani zetu katika kambi za Kenya waliokimbia wakati huo wakazaa na kujukuu ukimbizini. Hatudai alimaliza njaa ya mtu yeyote zaidi ya siku chache. Mmoja wetu katika kikao aliuliza, basi alisaidia nini? Mwenzake, mzee aliyefanya kazi ya kugawa chakula kwa miaka mingi, alijibu kwamba gunia halisogei bandarini mpaka mtu fulani mbali huko aone haya. Huyu mama alikuwa na kipaji cha kuwatia watu haya bila kuwatukana. Tuliiacha hoja hapo, haikuisha.

Katika safari hiyo ya Somalia tumbo lilikuwa linamuuma. Alidhani ni dawa alizokunywa, au wadudu wa tumbo, akaendelea na ratiba. Aliporudi Uswisi madaktari hawakuona kitu cha wazi. Alikwenda Los Angeles, na tarehe 1 Novemba 1992 akapasuliwa. Ilikutwa saratani ya aina ya nadra, iliyoanzia kwenye kidole tumbo na kutambaa polepole juu ya utando wa ndani ya tumbo, pengine kwa miaka. Alitolewa sehemu, akapewa dawa kali. Mwezi uliofuata, tumbo lilipofunguliwa tena, ilionekana kwamba hakuna la kufanya.

Hapa tunaomba tusimame kidogo, kwa kuwa ndiyo sababu ya toleo hili. Yule mama alikuwa na fedha, hospitali nzuri, na madaktari waliomwita kwa jina. Ugonjwa ulifichika hata kwao. Akina mama wetu ambao majina yao yapo katika kurasa zilizotangulia walisema kwa miezi kwamba ni vidonda vya tumbo, kwamba ni uchovu wa kuni, kwamba ni mambo ya kike yasiyosemwa mbele ya mkalimani mwanaume. Wengine walisema mapema, wakapewa vidonge vya kutuliza maumivu, wakaambiwa warudi. Rufaa ilipokubaliwa, safari ya kwenda hospitali kubwa ilingoja gari, na kibali, na nafasi. Hatumtaji mtu wala ofisi. Lakini tunaandika kwamba walingoja, na kwamba mmoja wao karatasi yake ya rufaa ilifika siku ya tatu ya msiba.

Audrey alitaka kufia nyumbani. Ndege za kawaida zisingemfaa tena, hivyo rafiki yake Givenchy akampatia ndege ya binafsi, ikajazwa maua. Alifika Tolochenaz kabla ya Krismasi ya 1992, akaila sikukuu na wanawe pamoja na Robert Wolders, mwenzake wa miaka kumi na miwili ya mwisho. Siku alizoweza, alitembezwa bustanini. Mwezi huo wa Desemba Rais wa Marekani alimtunukia nishani ya juu kabisa ya raia. Hakuweza kwenda kuipokea. Mwezi huo huo pia majeshi ya kigeni yalitua Mogadishu kulinda misafara ya chakula, na wanawe walisema baadaye kwamba alikuwa akiuliza habari za Somalia akiwa kitandani.

Alifariki jioni ya tarehe 20 Januari 1993, akiwa na umri wa miaka 63. Hakuyaona ya Burundi ya Oktoba mwaka huo, wala ya Rwanda, wala yetu.

Mazishi yalifanyika tarehe 24 Januari katika kanisa dogo la kijiji. Mchungaji aliyeongoza ibada alikuwa mzee yule yule aliyemfungisha ndoa mwaka 1954 na kumbatiza Sean. Miongoni mwa waliozungumza alikuwa Sadruddin Aga Khan, ambaye alikuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi kuanzia mwaka 1965 hadi 1977, na baadhi ya wazee wetu walipata kadi zao za kwanza za ukimbizi wakati wake. Jeneza lilibebwa na wanawe, kaka yake Ian aliyerudi hai kutoka Berlin, Wolders, Givenchy, na mume wake wa zamani. Watu walisimama kando ya njia kutoka kanisani hadi makaburini, kimya. Kaburi lina msalaba wa kawaida, na juu yake jina na miaka miwili, 1929 na 1993.